Kupiga Tupa Sawasawa: Ufundi Unaohukumiwa na Mwanga

Katika kila karakana ya jeshi au ya polisi, iwe kubwa au ndogo, kipo chombo kimoja ambacho aghalabu hutupwa sandukuni pamoja na misumari iliyopinda na bolti zilizokufa meno. Chombo hicho ni tupa. Kijana anayeletwa kujifunza ufundi hutamani kushika kerezo, mashine ya kuchomelea na injini. Akipewa tupa na kipande cha chuma huona kwamba ametiwa adabu. Hata sisi tuliona hivyo. Tunaandika makala haya kwa sababu dharau yetu kwa tupa ililipwa baadaye, na walioilipa ni askari wenzetu wapatao 40 ambao hawakuwa na kosa lolote.

MGONGO WA KOBE

Tulikuwa wanafunzi katika karakana ya kikosi kimoja. Mwalimu wetu alikuwa sajini mtu mzima, mwenye mikono mipana na maneno machache. Siku ya kwanza alimgawia kila mmoja wetu pande la chuma lililokatwa kwa msumeno, akasema: "Vijana, nataka mchemraba. Kila upande milimita 50, na kila pembe iwe pembe mraba. Mkimaliza njoni mnionyeshe." Tulidhani ni kazi ya siku moja. Tulisukuma tupa kwa nguvu za ujana, jasho likatutoka, na siku ya tatu tukampelekea vyuma vyetu vikimeta.

Sajini hakuvisifu kwa kumeta. Alichukua rula ya chuma, akaisimamisha kwa ukingo wake juu ya uso wa chuma, akaviinua vyote viwili mbele ya dirisha, akafumba jicho moja. Kisha akatuita tutazame wenyewe. Katikati rula iligusa chuma, bali huku na huku mwanga ulipita chini yake kama maji yapitavyo chini ya mlango. "Mmenitengenezea mgongo wa kobe," akasema. "Rudini."

Tulirudi, tena na tena, kwa muda wa majuma matatu. Kila tuliposahihisha upande mmoja tuliharibu mwingine, na kila tulipoharibu ilitubidi kuondoa chuma zaidi, hata mchemraba wa milimita 50 ukawa wa 46. Hapo tulijifunza jambo la kwanza, nalo ni kwamba chuma kilichoondolewa hakirudi. Mshonaji aweza kufumua mshono na kuushona upya, lakini mpiga tupa hana la kufumua. Hata hivyo tulidhani kwamba somo lilikuwa la mchemraba tu, na kwamba huko nje, penye kazi za kweli, hapatakuwa na sajini wala dirisha.

KABARI YA PAMPU

Miezi michache baadaye sisi wawili tulipelekwa katika kambi ndogo ya mbali ili kuangalia jenereta na pampu ya maji. Pampu ile ilizungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda. Katika mtambo wa namna hiyo, puli hushikamana na shafti kwa kipande kidogo cha chuma cha pembe nne, ambacho nusu yake hukaa katika mfuo wa shafti na nusu katika mfuo wa puli. Hapa tutakiita kabari. Kabari isipokuwapo, puli huzunguka bure na shafti husimama.

Alasiri moja kabari ile ilikatika, na ghalani hapakuwa na nyingine. Tulikata kipande cha chuma tukaanza kukipiga tupa. Jua lilikuwa linatua, mkuu wa kambi alikuwa amesimama nyuma yetu, na watu walikuwa wakingojea maji ya kupikia na ya kuogea. Tulipiga tupa kwa haraka, tukaijaribu kabari katika mfuo wake, ikakaza. Tukaigonga kwa nyundo, ikaingia. Rula tulikuwa nayo mfukoni, wala hatukuitoa. Injini ikawashwa, maji yakaja, afande akatusifu mbele ya watu.

Saa nane ya usiku mlio wa pampu ulibadilika ukawa wa kugongagonga. Kabla hatujaifikia injini kuizima, kabari ilikuwa imekwisha kulegea na kuzipiga kuta za mfuo hata mfuo wenyewe ukapanuka. Askari wa doria waliorudi alfajiri walikuta matangi makavu. Kwa siku tatu wenzetu walibeba maji kwa madumu kutoka mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, tena baada ya kumaliza zamu zao za ulinzi. Nasi, tunakiri kwa aibu, tulipoulizwa tulijibu kwamba chuma kilikuwa kibovu.

Siku ya tatu sajini alifika kwa lori. Hakuuliza maswali mengi. Aliiomba ile kabari, akaweka rula ubavuni mwake palipokuwa hapajasagika, akaielekeza juani, kisha akatupa tutazame kama siku ile ya kwanza. Ulikuwa mgongo wa kobe ule ule. Kabari ilikuwa imenenepa katikati na kukonda kwenye ncha zake, kwa hiyo tulipoitia katika mfuo ilikaza kwa ule mgongo peke yake, huku sehemu iliyobaki ikiwa haigusi kitu. Baada ya saa chache za kazi mgongo ule ulisagika, na kabari ikabaki ikicheza kama jino bovu. "Chuma hiki ni kizima," alisema sajini. "Nendeni mkamwambie afande." Tulikwenda, tukamwambia.

Siku iliyofuata sajini aliunyosha mfuo wa shafti na wa puli kwa tupa, akatengeneza kabari pana zaidi kwa kipimo cha mifuo hiyo. Kazi ile ilimchukua tangu asubuhi hadi jioni, na nusu ya muda huo, kama si zaidi, hakuwa akipiga tupa, alikuwa akipima.

KWA NINI MKONO HUDANGANYA

Yafaa sasa tueleze sababu ya kosa lile, maana si kosa la mvivu peke yake. Hata mtu mwenye bidii hupiga tupa akatoa mgongo wa kobe, kwa kuwa mwili wa binadamu haukuumbwa kusukuma kitu katika mstari ulionyoka. Mkono huzunguka begani na kwenye kiwiko, na njia yake ya asili ni upinde.

Fikirini tupa iliyolazwa juu ya chuma kama mzani. Mwanzoni mwa msukumo sehemu kubwa ya tupa iko nyuma, upande wa mpini. Ukikandamiza kwa mkono wa kulia wakati huo, mpini huzama, ncha huinuka, na meno hula ukingo wa chuma ulio karibu nawe. Mwishoni mwa msukumo mambo hugeuka: sehemu kubwa ya tupa imekwisha kupita mbele, na ukikandamiza kwa mkono wa kushoto ncha huzama na kula ukingo wa mbali. Basi kingo zote mbili huliwa na katikati husalia. Huo ndio mgongo wa kobe.

Dawa yake ni kuhamisha uzito. Kwa mtu atumiaye mkono wa kulia, mkono wa kushoto ulioshika ncha ndio ukandamize zaidi mwanzoni. Katikati ya msukumo mikono yote miwili iwe na uzito sawa. Mwishoni mkono wa kulia ndio uchukue kazi. Kulisema jambo hili ni rahisi, lakini mikono hulielewa baada ya kulirudia mara maelfu. Askari atatufahamu upesi, kwa kuwa naye hakujifunza kutembea kwa hatua moja na wenzake kwa kusikiliza maelezo.

KUSIMAMA MBELE YA JILIWA

Kazi ya tupa huanzia miguuni. Jiliwa, ambalo wengi huliita vaisi, liwe na kimo ambacho taya zake zitalingana na kiwiko cha fundi akiwa amesimama wima. Likiwa juu mno mabega huchoka na tupa huyumba. Likiwa chini mno mgongo huinama na mikono hukandamiza bila kujua. Mguu wa kushoto utangulie kuelekea meza ya kazi, wa kulia ubaki nyuma, na mkono wa kulia kutoka kiwiko hadi kiganja uwe katika mstari mmoja na tupa. Mwili mzima uende mbele kidogo pamoja na msukumo, ili nguvu itoke katika kiuno na miguu, na mikono ibaki na kazi ya kuongoza.

Meno ya tupa yametazama mbele, kwa hiyo hukata inaposukumwa tu. Wakati wa kurudi legeza uzito au iinue kidogo. Ukiikokota kwa nguvu unayaua meno yake bila faida yoyote. Misukumo kati ya 40 na 60 kwa dakika yatosha. Tumeona vijana wakipiga tupa kama watu wanaofukuzwa, na kila msukumo wao ni mfupi, wa sentimita chache, hata katikati ya tupa hufa ilhali ncha yake ingali mpya. Tumia urefu wote wa tupa, polepole, kwa mwendo mmoja.

Kipande kinachofanyiwa kazi kibanwe karibu na taya za jiliwa. Kikichomoza juu sana kitatetemeka na kupiga kelele, na tupa itaruka. Ikiwa uso wake umekwisha kulainishwa, weka vipande vya bati laini au vya shaba kati yake na taya, ili taya zisiutie makovu.

KUCHAGUA TUPA NA KUITUNZA

Tupa hutofautiana kwa umbo na kwa ukali wa meno. Iko tupa bapa kwa nyuso zilizo sawa, tupa ya nusu duara kwa mashimo mapana na mabonde, tupa ya duara kwa matundu, tupa ya mraba kwa mifuo, na tupa ya pembetatu kwa pembe zilizosongamana na kwa kunoa misumeno. Kwa ukali, iko ya meno makubwa ya kuondolea chuma kingi, iko ya meno ya kati, na iko laini ya kumalizia. Fundi mwenye akili hufanya kazi kwa meno makubwa hadi abakishe kama nusu milimita, ndipo hubadilisha. Anayeanza na tupa laini atachoka kabla hajafika; anayemaliza na tupa ya meno makubwa atapitiliza kipimo.

Sheria ya kwanza ya usalama ni kutotumia kamwe tupa isiyo na mpini. Msuka wake, yaani ile ncha nyembamba inayoingia mpinini, umechongoka, na tupa ikikwama ghafula msuka huingia katika kiganja. Pili, tupa imetiwa ugumu mwingi na kwa hiyo huvunjika kama kigae. Usiitumie kama nyundo wala kama mtaimbo. Vipande vyake hurukia macho.

Tatu, usiupapase kwa vidole uso unaoupiga tupa. Mafuta ya ngozi hubaki juu ya chuma, na tupa huteleza hapo badala ya kuuma. Nne, unga wa chuma ukinasa kati ya meno huuchora uso mistari mibaya. Usugue kwa brashi ya nyaya fupi kwa kufuata mwelekeo wa meno, na kwa kazi laini paka tupa chaki kwanza ili unga usishike. Mwisho, tupa zisirundikwe pamoja, kwa kuwa hutafunana. Zitundikwe, au kila moja iviringishwe katika kitambaa chake. Tukikuta sanduku ambamo tupa, nyundo na spana vimelala kitanda kimoja, hatuhitaji kuuliza mengi juu ya mwenye sanduku.

RULA, GUNI NA RANGI

Sasa tumefikia kiini cha maneno yetu. Tofauti ya mpiga tupa hodari na asiye hodari imo zaidi katika desturi ya kupima kuliko katika nguvu za mkono. Asiye hodari hupiga tupa mpaka achoke, kisha hupima akitumaini mema. Hodari hupiga misukumo michache, huacha, hufuta uso kwa kitambaa, hutazama, na hurudi mahali pale tu palipomwambia kwamba pamezidi.

Njia ya kwanza ya kutazama ni alama za tupa yenyewe. Piga tupa kimshazari kutoka kulia, kisha geuza mwelekeo upige kimshazari kutoka kushoto. Alama mpya zitakatiza za kwanza, lakini katika sehemu zilizo juu tu. Palipo na bonde alama za zamani zitabaki. Chuma chenyewe kitakuwa kimekuchorea ramani.

Njia ya pili ni rula na mwanga. Simamisha ukingo wa rula juu ya uso kwa urefu, kwa upana, kisha kutoka pembe hadi pembe kwa njia zote mbili, na kila mara utazame kuelekea mahali penye nuru. Mwanga hupita katika mwanya mwembamba kuliko unywele wa kichwa, ambao kidole hakiwezi kuuhisi. Kwa pembe mraba tumia guni la chuma vivyo hivyo, ukilikandamiza kwanza upande uliokwisha kusawazishwa. Ndiyo maana lazima upande mmoja umalizike kabisa kabla ya kuanza wa pili. Upande huo ndio utakaoshuhudia juu ya pande zote zilizobaki.

Njia ya tatu ni rangi ya buluu ya mafundi. Utando mwembamba wa rangi hupakwa juu ya bamba la kupimia linalojulikana kuwa sawa, na kazi yako husuguliwa juu yake polepole. Palipo juu patapakaa rangi. Palipo chini patabaki peupe. Piga tupa au kwangua palipopakaa tu, kisha rudia. Mwanzoni utaona madoa mawili au matatu. Kazi inapokaribia usahihi, madoa madogo madogo huenea uso mzima.

MTOTO WA ASKARI WA WOOLWICH

Asidhani msomaji kwamba mambo haya ni ya karakana duni zisizo na mashine. Mashine zenyewe zilizaliwa na tupa. Henry Maudslay alizaliwa mwaka 1771 huko Woolwich, Uingereza, mahali penye maghala na viwanda vya silaha vya jeshi la nchi hiyo. Baba yake alikuwa askari fundi aliyejeruhiwa vitani, akapewa kazi ya ghala. Mtoto alianza kazi akiwa na umri wa miaka 12, akijaza baruti katika risasi. Baadaye akahamishiwa kwa maseremala na kisha kwa wahunzi, na huko ndiko mkono wake ulikojulikana kwa usahihi.

Alipokuwa na miaka 18 alichukuliwa na Joseph Bramah wa London, mtengenezaji wa kufuli. Wasomaji wetu wa polisi watapenda kusikia habari za kufuli hizo. Moja yake iliwekwa katika dirisha la duka pamoja na tangazo la zawadi ya gini 200 kwa mtu atakayeweza kuifungua bila ufunguo wake. Ilikaa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1851 fundi wa Kimarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs aliifungua, lakini ilimchukua saa 51 za kazi katika muda wa siku 16. Nguvu ya kufuli ile haikuwa katika unene wa chuma. Ilikuwa katika vipande vyake vidogo vilivyotoshelezana.

Maudslay alipoomba nyongeza ya mshahara alinyimwa, naye mwaka 1797 akafungua karakana yake mwenyewe. Humo alitengeneza kerezo za kukata skrubu kwa usahihi uliosifika. Juu ya meza za mafundi wake aliweka mabamba ya chuma yaliyosawazishwa kabisa, ili kila mmoja aweze kujipima kazi yake papo hapo. Yeye mwenyewe alikuwa na mikromita iliyoweza kuonyesha sehemu moja ya 10,000 ya inchi. Akaiita Lord Chancellor, kwa jina la mkuu wa majaji wa Uingereza, kwa maana baada ya hukumu yake hapakuwa na rufani.

Miongoni mwa waliofanya kazi katika karakana hiyo alikuwamo Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1840 alieleza mbele ya wataalamu mjini Glasgow jinsi ya kupata uso wa chuma ulio sawa kweli. Njia inayohusishwa na jina lake hutumia mabamba matatu. Ukilinganisha mabamba mawili tu yanaweza kukubaliana katika kosa, moja likiwa na mgongo na la pili likiwa na bonde, yakalaliana vizuri kama kijiko ndani ya kijiko. Bamba la tatu huufichua uongo huo, kwani haliwezi kuwafaa wote wawili. Yakikubaliana yote matatu, kila moja na kila jingine, ndipo yamenyoka. Askari mpelelezi anayehoji mashahidi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

BUNDUKI SI MAHALI PA KUJIFUNZIA

Twapenda kuongeza onyo. Askari aliyekwisha kupata mkono mzuri wa tupa hushawishika kuijaribu katika silaha yake, ili kulainisha kifyatulio au kuondoa mkwaruzo. Asifanye hivyo. Vyuma vingi vya ndani ya bunduki vimetiwa ugumu kwa juu tu, na ngozi hiyo ikiondolewa kilichobaki husagika upesi. Tena sehemu ndogo ikipungua kidogo tu silaha yaweza kufyatuka yenyewe. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha aliyefunzwa, mwenye vipimo vyake.

Zamani kila bunduki ilitoshelezwa kwa tupa peke yake, hata kipande cha moja hakikuingia katika nyingine. Mwaka 1785, huko Ufaransa, fundi Honoré Blanc alimwonyesha balozi wa Marekani, Thomas Jefferson, mitambo ya kufyatulia iliyokuwa imetenganishwa. Jefferson akaokota vipande bila kuchagua, akaviunganisha, vikashikamana. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu kila kipande kilitengenezwa kwa kufuata kipimo kimoja, pasipo kutegemea jicho la kila fundi. Askari anayepokea leo kipande kutoka ghalani, akakitia katika silaha yake kikaingia, anakula matunda ya kazi hiyo.

BAADA YA UTUMISHI

Siku moja kila askari atavua sare. Wako wastaafu tunaowafahamu ambao malipo yao yaliisha kabla ya mwaka kwisha, na wako wengine ambao walitoka na ufundi mkononi. Anayepita Katwe, mjini Kampala, husikia nyundo na misumeno tangu asubuhi, na huona jinsi watu wanavyojipatia riziki kwa chuma chakavu. Mteja mwenye mashine ya kusaga iliyosimama hamwulizi fundi cheo alichokuwa nacho. Anauliza kama kabari itakaa.

Kuanza hakuhitaji fedha nyingi. Tafuta jiliwa imara, tupa bapa mbili, moja ya meno makubwa na moja laini, zote zenye mipini, rula ya chuma, guni, na pande la chuma laini. Chora mchemraba. Fanya kazi nusu saa kila siku baada ya zamu, ukipima kila baada ya misukumo michache. Usihesabu siku. Mchemraba wa kwanza utakuwa mbaya. Uandike tarehe juu yake uuhifadhi, kisha uanze wa pili.

Sajini wetu amekwisha kustaafu. Ile kabari mbovu aliichukua siku ile, akaitundika kwa waya juu ya meza ya kazi karakanani, karibu na dirisha. Hakuandika chochote chini yake, wala hakuwaambia wanafunzi waliotufuata ni ya nani. Kila mwanafunzi mpya alipewa rula, akaambiwa aiangalie mwangani, kisha arudi kwenye jiliwa lake.